Chumba ni Chako, Ukuta ni Wangu

Baba mwenye nyumba wetu alitembea na koleo mfukoni. Wazee wenzake wa mtaa wetu pale Dodoma mjini walitembea na tasbihi, au bakora, au redio ndogo ya kusikilizia taarifa ya habari. Yeye alikuwa na koleo la chuma lenye kutu kwenye mipini, na mfuko wa kanzu yake ulikuwa umelegea upande huo kwa uzito. Kazi ya koleo lile ilikuwa kung'oa misumari ya wapangaji.

Nilihamia kwake nikiwa mwalimu mgeni, nimetoka Songea na sanduku la bati, godoro, na kalenda ya kanisa. Jioni ile ile nikapigilia msumari, nikatundika kalenda yangu. Sijui aliusikiaje mlio wa nyundo kutoka msikitini, ila swala ilipokwisha alibisha hodi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za safari, za wazazi, za baridi ya Songea, na kama nimeshapata mahali pa kununulia mkaa. Alipomaliza kunikaribisha akatoa koleo, akang'oa msumari, akaziba tundu kwa kipande cha sabuni ya mche, akanirudishia msumari wangu kwa adabu zote.

"Mwalimu," akasema, "chumba ni chako. Lala, pika, soma, cheka, lia ukipenda. Ukuta ni wangu."

Jamani! Nilikasirika mpaka chakula hakikupita. Ningekuwa na pa kwenda ningehama kesho yake. Lakini Dodoma ya wakati ule kupata chumba chenye umeme na karibu na shule ilikuwa bahati, kwa hiyo kalenda ikakaa juu ya sanduku mwaka mzima, imeegemezwa kama mgonjwa. Mimi naye tukawa tunasalimiana kwa ukavu, kisha kwa kuzoea, mwisho kwa mapenzi ya baba na mwana. Niliishi kwake hadi nikaolewa, na nilipoolewa nilihamia nyumba ya tatu kutoka pale, kwa hiyo nimemwona akizeeka taratibu, siku kwa siku. Alizaliwa wapi, na babu zake walifika na msafara gani wa biashara hadi wakaweka makazi, hayo waulizwe wanawe. Mimi nilikuwa mpangaji, sikuuliza nasaba.

Alikuwa bahili, tuseme ukweli. Pasi ya umeme aliruhusu Jumapili tu, na alikuwa anasimama ukumbini akitazama mita inavyozunguka, anaguna. Sukari ya chai yake aliikoroga kidogo, makusudi, ili ibaki chini, aongeze maji ya moto anywe tena. Mke wake, Bi Mkubwa, mwanamke mpole asiye na neno na mtu, alikuwa akitununulia sisi wapangaji maandazi kwa siri. Mzee alijua, na alinyamaza mradi asiulizwe.

Halafu, mtu huyo huyo, kikao cha Bunge kilipofika na mji ukajaa wageni, alikataa pesa. Nakumbuka karani mmoja wa Bunge, kijana wa suti na mkoba, alikuja akataka chumba changu kwa kodi ya kushangaza. Mimi nilikuwa uani nafua, nikasikia kila kitu. Baba mwenye nyumba alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Chumba kina mtu." Yule kijana akasema, "Mzee, si mpangaji tu? Mpe notisi." Akajibu, "Mpangaji tu ni wewe huko kwenu. Hapa kuna mtu." Akarudi ndani kwenda kuzima taa ya ukumbini.

Alikuwa na namna yake ya kugawa kitu kimoja kwa watu wengi, na mwanzoni niliona ni ukorofi. Kibaraza kilikuwa chetu wapangaji mpaka magharibi, baada ya hapo ni chake na wageni wake. Bomba la uani lilikuwa lake, lakini matone yanayovuja yalikuwa ya mjane wa chumba cha nyuma, amwagilie mchicha wake, na ole wako uweke ndoo yako chini ya matone yale. Maji ya bati mvua ikinyesha yalikuwa ya aliyewahi. Nilimwambia siku moja, "Baba, si useme tu nyumba ni yako, yakaisha?" Akanitazama kama nimesema jambo la kitoto. "Nyumba yangu ina watu wengi ndani yake, mwalimu. Kila mmoja ana kipande chake. Mimi nina kuta."

Kazi yake ilikuwa ngozi. Alinunua ngozi za ng'ombe na mbuzi machinjioni na minadani, kuanzia Kongwa mpaka Haneti, akazikausha, akaziuza. Harufu ilimtangulia. Sisi tulikuwa tunajua amerudi safari kabla hajafungua mlango, na wageni wangu wa kutoka kanisani walikuwa wanakunja pua wakidhani ni choo chetu. Nilichoka kueleza.

Ngozi ina siri moja, na hiyo alinifundisha bila kuulizwa. Ukiitandaza chini juani, inakauka haraka, kwa nje ngumu kama bati, ndani imeiva na kuharibika. Ikifika kiwandani inatoboka. Ngozi nzuri hukaushwa kivulini, imefungwa kwa kamba kwenye fremu ya miti, upepo unapita mbele na nyuma. Ndiyo maana tangu ujana wake alitafuta shamba Ihumwa, mashariki ya mji, ng'ambo ya reli, kwenye mteremko wenye kichaka kizito cha migunga, mikole na mipingo, kichaka ambacho hata mbuzi alikuwa anaingia akichagua pa kukanyaga. Ndani yake alisafisha vijia tu vya kupitisha upepo, akasimamisha fremu zake. Kuzunguka shamba alipanda minyaa, kama watu wa huku wanavyoweka mipaka, naye aliikata kila mwaka isimzidi kimo. Ngozi zake zilijulikana. Wanunuzi wa zamani walikuwa wanaziita "za kivulini" na kuzilipia zaidi.

Sasa msomaji asije akadhani namweleza mpenda miti. Hata! Uani kwetu kulikuwa na mwarobaini mkubwa, kivuli chake ndicho kilichokuwa kinatuokoa saa saba mchana, Dodoma inapochemka. Siku moja akaja na watu wawili na msumeno, wakaulaza chini, kisa majani yake yanaziba mfereji. Tulilia, tuligomba, mjane wa chumba cha nyuma alimnunia mwezi mzima. Yeye akasema, "Mti huu niliupanda mwenyewe. Niliupanda, nimeukata." Na kichaka cha Ihumwa hakukiita msitu, wala hakusema kina uzuri. Alikiita kichaka tu, na ndege wa mle aliwatukana kwa kunyea ngozi.

Ikafika ile miaka kila kitu kilipokuwa ruksa. Mitumba ikajaa, televisheni za rangi zikaingia, maduka ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu yakawa na sabuni za harufu kumi na moja. Sisi tulishangilia, kwa nini tusishangilie? Lakini ngozi ilibadilika. Walikuja wanunuzi wapya, watu wa simu na malori, wananunua ngozi mbichi yenye chumvi palepale machinjioni, na iliyokaushwa, ya kivulini na ya juani, bei moja, wanapakia wanaondoka. Hakuna anayegeuza ngozi kuitazama. Baba mwenye nyumba alihangaika misimu kadhaa. Alikuwa anamgeuzia mnunuzi ngozi, anamwonyesha, "Tazama, hii hapa, gonga uisikie," na mnunuzi anatazama saa yake. Mwishowe akavunja fremu zote isipokuwa chache, akabaki na nyumba ya kupangisha na shamba ambalo halina kazi tena.

Hapo ndipo wengi tulidhani atauza. Mji ulikuwa unajongea kuelekea huko. Watu wanajenga, matofali yanachomwa, na matofali yanakula kuni; chini ya kile kichaka kulikuwa na changarawe nzuri, kila mwenye lori aliiona. Mwanawe mkubwa, Hamisi, alikuwa amefungua duka la vifaa vya ujenzi, kijana mchapakazi, mcheshi, hana ubaya. Alikuwa anamwambia baba yake wazi wazi: tuchimbe changarawe, tukate viwanja, tugawane sote, na wewe ule raha uzeeni. Mzee anasikiliza. Anasema, "Nikifa shamba ni lenu." Hamisi anasema, "Basi, baba." Mzee anarudia, "Shamba ni lenu." Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyekubali.

Sababu ilikuwa chini ya mteremko. Pale pana korongo, mto wa mchanga ambao mwaka mzima ni mkavu, na wanawake wa kule wanachimba mchangani wanapata maji. Mimi nililijua korongo lile vizuri kwa sababu nilikuja kuhamishiwa shule ya Ihumwa, na wanafunzi wangu wa kike walikuwa wanachelewa kwa ajili yake. Kiangazi wasichana walikuwa wanafika na madumu, wanayaweka nyuma ya darasa, wanakaa kwenye dawati wanasinzia. Baba mwenye nyumba alikuwa amekaa miaka yote ile akikausha ngozi juu ya mteremko na kunywa maji ya wale wanawake. Hawakumwuzia hata mara moja. Alipita, aliomba, walimchotea kwa kata. Kiongozi wao, Mama Sechelela, Mgogo mrefu mwenye sauti ya kuamuru ng'ombe, alikuwa akimtania kwamba anamnywesha maji bure na yeye hata ngozi ya kukalia hajamletea. Na kweli hakumletea, bahili yule.

Siku moja nilimkuta kibarazani amekaa peke yake, koleo mkononi, analifungua na kulifunga. Nikamwuliza kulikoni.

"Nawaza kitu, mwalimu. Nataka wanangu warithi shamba. Waweke mizinga ya nyuki, walishe, wajenge pale wazi karibu na barabara, wazikane humo. Lakini wasikate kichaka. Na mimi nitakuwa nimekufa. Utamwambiaje mtu asikate na wewe umekufa?"

"Utausia."

"Wosia wa maneno! Kaburi halijakauka lori limeshafika." Akafunga koleo. "Sitaki kuwanyima shamba. Nataka kuwanyima shoka."

Alikwenda ofisi ya ardhi, na mimi nilimsindikiza, ilikuwa likizo. Bwana ardhi alikuwa kijana mwenye heshima, akatupa viti. Alisikiliza, akakuna kichwa, akasema ardhi ni ya umma, na mwenye shamba ana haki zake. Akitaka kurithisha kuna utaratibu, akitaka kuuza kuna utaratibu. Lakini shamba libaki la watoto, halafu haki ya kukata miti peke yake itolewe, iende kwa mtu mwingine, milele? "Milele," mzee akaitikia. Bwana ardhi akacheka kwa upole. "Mzee wangu, hilo sijawahi kuletewa. Ngoja niulize wakubwa." Tukangoja. Miezi ikapita, naye bado anauliza wakubwa, na kwa haki yake, alikuwa anauliza kweli.

Mzee akachoka kungoja, na hapo akafanya kosa lake. Ijumaa moja baada ya swala alisimama msikitini akatangaza kwamba miti ya shamba lake la Ihumwa ameiweka wakfu, isiguswe. Imamu alimwuliza, wakfu kwa ajili ya nani, kwa maana wakfu una wa kunufaika. Akajibu kwa haraka, "Kwa ajili ya Mwenyezi Mungu," akakaa chini, ameridhika. Watu wakasema mashaallah. Basi, huko nyuma, katika zile mashaallah, hakuna aliyeshika neno "isiguswe". Walishika neno wakfu.

Na wakfu kwa watu wetu wa mjini ni msikiti, ni madrasa, ni makaburi. Kitu cha wakfu kinatunzwa, kinafagiliwa. Jumapili iliyofuata vijana wa msikiti, wema, wenye nia safi kabisa, wakakodi gari, wakaenda Ihumwa na mapanga na majembe kusafisha wakfu wa mzee, kama wanavyosafisha makaburi kabla ya Ramadhani. Walikuwa wanaimba kaswida. Walitaka kumshtukiza kwa furaha.

Nilikuwapo alipofika. Nilikuwa nimetoka ibadani, nikapanda gari la Hamisi pamoja naye kwa sababu nilikuwa na madaftari ya kuchukua shuleni. Tulipokaribia tukaona mwanga mahali ambapo hapajawahi kuwa na mwanga. Ukingo wote wa chini, ule unaoelekea korongoni, ulikuwa umenyolewa. Udongo mwekundu mtupu, umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana, na miti imepangwa vizuri kando, mafungu mafungu. Vijana wakaja mbio, jasho linawatoka, "Shikamoo babu! Tumekusaidia!"

Ningekuwa mimi ningepiga kelele. Yeye alisimama, mkono mfukoni, nikaona umeshika koleo. Mtu anayetafuta thawabu utamgombezaje? Akasema, "Mungu awalipe kheri, wanangu. Inatosha. Pumzikeni." Kisha akamgeukia Hamisi, akamtuma akalete mkate na soda kwa wote, kwa pesa yake mwenyewe, mimi nikajua mtu huyu ameumia. Tuliporudi nyumbani aliketi kwenye godoro la ukumbini, akalia. Bi Mkubwa alitufungia mlango tusimwone.

Mvua za kwanza ndizo zilizomfundisha yeye na sisi sote. Udongo ule uliofagiliwa ulishuka wote, ukatandaa juu ya mchanga wa korongo, ukaganda. Wanawake wakachimba, wakakuta tope. Wakachimba mbali zaidi, chini zaidi. Mwaka ule wasichana wangu walikuwa wanafika shule saa nne, wengine hawakufika kabisa, na mmoja, mwenye akili kuliko wenzake, aliacha masomo moja kwa moja ili amchotee mama yake mgonjwa. Nilimweleza baba mwenye nyumba hayo yote, tena kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyefagia.

"Nilimpa Mungu," akasema. "Mungu hana kiu. Nilitakiwa nimpe mwenye kiu."

Akarudi kwa bwana ardhi na maneno hayo, na bwana ardhi, Mungu ambariki, ndiye aliyempa njia. Akamwambia: wakubwa bado hawajajibu, lakini kijiji kina mkutano wake mkuu, na mkutano ukikubali jambo, likaandikwa, na warithi wako wakaweka sahihi mbele ya watu, si rahisi mtu kuja kulivunja. Mzee akawakalisha wanawe. Nasikia Hamisi alipinga mpaka usiku wa manane, mwisho akasema, "Haya baba, shamba si bado letu?" Akajibiwa, "Shamba ni lenu." Akakubali, nadhani kwa kuamini kwamba huko mbele mambo hulegea.

Mkutano ulikuwa wa wazi, mbele ya ofisi ya kijiji, wanaume kwenye mabenchi, wanawake wamekaa chini na watoto. Mzee alipoeleza kwamba haki ya kukata, ya kuchimba na ya kufyeka anaitoa kwa wanawake wanaochota maji korongoni, wao na binti zao, minong'ono ikazagaa. Mzee mmoja wa kijiji akasimama. "Shamba la mwanamume, miti ya wanawake? Hiyo inakuwaje?"

Baba mwenye nyumba akatoa koleo. Akaninyooshea kidole mimi, nikatamani ardhi ipasuke.

"Huyu mwalimu alikaa nyumbani kwangu. Chumba kilikuwa chake, simwingilii. Lakini akitaka kupiga msumari, aniombe, na mimi nikatae. Aliwahi kunichukia sana, mwulizeni." Watu wakacheka. "Nyumba yangu imesimama kwa sababu hiyo. Sasa hapa Ihumwa nataka kugeuza. Mimi na wanangu tuwe wapangaji. Hawa wanawake wawe wenye ukuta."

Mama Sechelela hakucheka. Akauliza kutoka pale alipokaa, kwa Kiswahili chake cha kukata kata, "Na wewe mwenyewe ukija, ukataka kukata?"

"Mtanikatalia."

"Tukikukatalia utatutukana. Nakujua."

"Nitawatukana," akasema. "Ninyi kataeni hivyo hivyo."

Mikono ikanyooshwa, ikaandikwa, wanawe wakatia sahihi mbele ya kijiji chote. Mzee akampa Mama Sechelela lile koleo, kama alama, na watu wakapiga vigelegele. Mimi nilifurahi mara mbili, kwa ajili ya korongo na kwa ajili ya wapangaji wa nyumba yake. Kabla ya wiki kuisha alikuwa amenunua koleo lingine.

Kile kichaka cha chini kilichukua muda kurudi. Kilianza na majani, kisha mikole midogo, kisha miiba ikafunga njia. Mchanga ulijisafisha kwa mvua za misimu kadhaa. Mtu mmoja mwenye tanuri la matofali alimfuata Hamisi dukani na bahasha, na Hamisi alimwambia aende akazungumze na wenye miti. Alikwenda, akakutana na Mama Sechelela na wenzake wamejaa korongoni na kata mikononi. Hakurudi tena. Lakini moyoni nilikuwa najiuliza, na najua mzee pia alikuwa anajiuliza: kumkatalia mgeni ni rahisi. Siku atakapokuja mtu wa nyumbani, mtu wanayemheshimu, mwenye machozi na sababu nzuri, watakataa?

Mara ya mwisho kwenda naye Ihumwa alikuwa ameshakuwa mwepesi kabisa, kanzu inamning'inia, miguu imevimba. Alimwambia Hamisi ampeleke, na mimi nikaombwa nifuatane ili nimshike mkono upande wa pili. Tulishuka taratibu mpaka kwenye minyaa. Kivuli cha mle ndani kilikuwa kizito na baridi, ndege wanapiga kelele, naye akawatukana kidogo kwa mazoea. Akaweka mkono juu ya mti mmoja, mpingo ulionyooka.

Wanawake walikuwa korongoni. Mama Sechelela alipomwona akaacha kuchota, akapanda, na wenzake nyuma yake. "Mbukwenyi," akatusalimu Kigogo, na sisi tukaitikia. Akampa mzee maji kwa kata, akanywa, akajifuta.

"Nimekuja kuomba," mzee akasema. "Mimi sina siku nyingi. Mnajua sisi tunazikwa bila sanduku. Zinawekwa mbao juu ya mtu, ndipo udongo. Nataka ziwe za humu. Mti mmoja tu. Huu."

Hamisi alikuwa tayari anafuta macho kwa kiganja. Nani angemnyima? Ningekuwa mimi ningekwenda kulitafuta shoka mwenyewe. Mama Sechelela akawatazama wenzake, wakasemezana Kigogo kwa sauti ya chini, muda mrefu kidogo. Mmoja alikuwa analia. Kisha Mama Sechelela akapiga magoti, akamshika mzee miguu kwa heshima, na akiwa pale pale chini akasema:

"Hapana, baba."

"Mti mmoja! Nakufa!"

"Hapana. Tukikupa wewe, kesho Hamisi atakuja na msiba wake, na kesho kutwa mwingine. Ulisema tukatae." Akainua uso, machozi yanamtoka. "Ulisema pia utatukana. Haya, tukana."

Akatukana. Yaani alitukana! Aliwaita wachoyo, wasio na shukrani, akawakumbusha kata zote za maji alizokunywa kana kwamba ni yeye aliyewanywesha, akasema hawana huruma hata kwa maiti. Hamisi alijaribu kumtuliza akasukumwa. Wanawake walisimama mbele ya ule mti wanasikiliza, na hawakusogea. Tulimbeba tukampandisha garini bado anafoka, na mpaka tunavuka reli bado anafoka.

Kama alikuwa anautaka kweli ule mti, au alitaka Hamisi aone kwa macho yake, sijui, na sikumwuliza. Ninachojua ni kwamba watu wa changarawe walipomwendea Hamisi baadaye, na wa viwanja baada yao, sikumsikia akitaja mkutano wa kijiji wala sahihi. Alikuwa anasema, "Hata baba walimkatalia," kisha anaendelea kupima misumari.

Tulipofika nyumbani siku ile mzee alikuwa ameishiwa matusi. Tulimshusha, tukamketisha kibarazani, na Bi Mkubwa akaleta chai. Akaikoroga sukari kidogo, kama kawaida yake, ibaki chini. Akanishika mkono, akanivuta karibu, na nikaona macho yake yanang'aa kama ya mtu aliyesikia habari ya mtoto kufaulu mtihani.

"Umeona, mwalimu? Wamenikatalia," akasema. "Mimi! Mwenye shamba!"

"Nimeona, baba."

Akanywa chai mpaka nusu, akaongeza maji ya moto.

"Kesho ukitoka shule pita kwa seremala wa sokoni, uniulizie mbao. Wala usikubali bei ya kwanza."